Marehemu Mbaraka Mwinshehe, Jogoo la Shamba Lililowika Mjini

Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya watu mashuhuri, kama vile watawala wa zamani, wapigania uhuru na wataalamu waliovumbua mashine. Mimi leo nataka kuwaeleza maisha ya mtu ambaye hakutawala nchi, hakuongoza jeshi, wala hakuvumbua mashine yoyote. Kazi yake ilikuwa kupiga gitaa na kuimba. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alifariki dunia mwaka 1979, zamani sana kabla ya sisi wanafunzi kuzaliwa, walakini nyimbo zake twazijua.

Sababu ya kuandika habari hizi ni mabishano yaliyotokea katika bweni letu usiku mmoja wa Jumamosi, kabla ya taa kuzimwa. Mwenzetu mmoja alisema kuwa kupiga gitaa si kazi bali ni uhuni, na kwamba mwanafunzi mwenye akili hapaswi hata kuwataja watu wa dansi. Mwenzetu wa pili alipenda sana gitaa, lakini alishikilia kwamba mabingwa wa chombo hicho walikuwa Marekani na Ulaya tu. Akamtaja Jimi Hendrix, akasema kwetu hapajatokea mtu wa kulinganishwa naye. Kengele ikalia, taa zikazimwa, nami nikalala bila kuwajibu. Basi haya ndiyo majibu yangu, na nitayatoa kwa njia ya kusimulia maisha ya Mbaraka tangu mwanzo hata mwisho.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa tarehe 27 Juni, 1944, katika kijiji cha Mzenga, upande wa mashariki wa Morogoro kuelekea pwani. Wakati huo nchi yetu ikiitwa Tanganyika, nayo ilikuwa chini ya Waingereza. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa haijamalizika, na vijana wengi wa Tanganyika walikuwa mbali na nyumbani, wakipigana huko Burma. Mtoto Mbaraka alikua katika nchi ya mashamba, na chombo chake cha kwanza cha muziki kilikuwa filimbi. Gitaa lilikuja baadaye.

Ili kufahamu jinsi kijana wa shamba alivyopata kuwa mpiga gitaa, hapana budi kwanza tuufahamu mji wa Morogoro. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mji huo mwaka 1907, katika siku za Wajerumani. Mashamba makubwa ya mkonge yakaenea katika nchi tambarare chini ya milima ya Uluguru. Watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi katika mashamba hayo na katika reli. Palipo na watu wengi wanaopata mshahara mwisho wa mwezi, hapakosi mahali pa kustarehe mwisho wa juma. Vile vile reli ilileta magramafoni na santuri, na miongoni mwa santuri hizo zilikuwamo nyingi za Cuba. Vijana wa mjini wakazisikiliza, wakajaribu kuzipiga wenyewe kwa magitaa, ngoma na tarumbeta, kisha wakatia maneno ya Kiswahili. Hivyo ndivyo muziki wa dansi ulivyoota mizizi.

Mwaka 1944, yaani mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka, iliundwa bendi iliyoitwa Morogoro Jazz. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, mwana wa mji huo huo, Salum Abdallah, alianzisha bendi yake iliyopata kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Bendi hizi mbili zilishindana kwa miaka mingi, kama zinavyoshindana Simba na Yanga. Aliyeshabikia moja hakutaka kusikia habari za nyingine. Mashindano hayo yalikuwa na faida kubwa, maana hakuna bendi iliyothubutu kulala. Ikiwa hawa wametoa wimbo mpya, wale nao hawakukaa muda mrefu kabla ya kuujibu kwa wimbo wao. Kwa ajili hiyo Morogoro, ingawa ulikuwa mji mdogo kuliko Dar es Salaam, ulipata sifa ya kuwa mji wa muziki katika Tanganyika nzima.

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka kama ishirini na moja. Zilikuwa siku za huzuni katika mji ule, kwa kuwa mwezi wa Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37 tu. Uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza, naye akaiendeleza kwa ustadi, lakini watu walijiuliza kama Morogoro itapata tena nyota ya namna ile. Hawakujua kwamba nyota ya pili ilikwisha ingia mjini, tena katika bendi ya upande wa pili.

Sasa nataka kueleza kidogo kazi ya magitaa katika bendi, maana wengi wetu twasikia wimbo wote kwa pamoja bila kujua nani anafanya nini. Bendi ya dansi ilikuwa na magitaa matatu au zaidi. La kwanza ni gitaa la besi, lenye sauti nzito, ambalo hushikilia mwendo pamoja na ngoma. La pili ni gitaa la ridhimu, ambalo hurudia sauti zile zile kwa kipimo kimoja, wala halitakiwi kuyumba hata kidogo. La tatu ni gitaa la solo, ambalo huimba kwa nyuzi kama vile mtu anavyoimba kwa kinywa. Msikilizaji humsifu mpiga solo, lakini mpiga solo asingeweza kufanya lolote kama mpiga ridhimu angelala usingizi.

Mbaraka alianza na gitaa la ridhimu. Nawaomba wanafunzi wenzangu tulitie jambo hili moyoni. Mtu aliyekuja kuitwa bingwa wa solo alianzia mahali ambapo hapana sifa, akipiga yale yale kwa kurudiarudia ili wengine wapambe. Katika kazi ile alijifunza kipimo, akajifunza kusikiliza wenzake, akajua kila wimbo ulivyosimama. Alipopewa gitaa la solo alikuwa tayari. Baadaye akawa pia mtungaji na mwimbaji mkuu wa Morogoro Jazz, hata watu wakaliona jina la bendi na jina lake kuwa kitu kimoja. Wapenzi wake walimpa jina la Soloist National, kwa maana ya kwamba alikuwa mpiga solo wa taifa zima, wala si wa Morogoro peke yake.

Upigaji wake ulikuwaje? Nitajaribu kueleza kwa kadiri ya masikio yangu. Wimbo wa dansi wa siku zile kwa kawaida ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza huja maneno kwa mwendo wa taratibu, na mwimbaji hueleza kisa chake. Kisha maneno hupungua, mwendo huchangamka, na magitaa hushika uongozi ili watu wacheze. Katika santuri ndogo mara nyingi sehemu hizo ziligawanywa, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Mbaraka alikuwa hodari katika sehemu zote mbili. Katika sehemu ya maneno, gitaa lake humjibu mwimbaji kila anapopumua, kama rafiki anayesikiliza kisa na kuitikia. Katika sehemu ya pili, huchukua kifungu kifupi cha sauti nyembamba, akakirudia mara mbili tatu mpaka ukizoee, kisha akakigeuza kidogo mwishoni. Ukisikiliza kwa makini utaona kuwa hafanyi haraka. Kila sauti yasikika peke yake, safi, kama maji yanayodondoka. Wako wapigaji wengi waliokimbia zaidi yake, lakini ukisikia sauti mbili tatu za gitaa lake humwuliza mtu ni nani anayepiga.

Tena katika siku zile kila bendi ilijitahidi kuwa na mtindo wake wa kucheza wenye jina lake. NUTA Jazz ya Dar es Salaam ilikuwa na Msondo, na Western Jazz ilikuwa na Saboso. Morogoro Jazz nayo ilicheza Sululu, na baadaye Masika. Wazee wetu waliokuwa vijana wakati huo wakiyasikia majina hayo hata leo hucheka peke yao.

Sauti ya bendi ilifikaje mbali? Njia kubwa ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi za nchi na kuzipiga hewani kila siku. Mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya, ambaye hajapata kuuona mji wa Morogoro, aliweza kukaa uani kwake na redio ya betri na kumsikia Mbaraka. Njia ya pili ilikuwa santuri. Katika Tanzania ya wakati ule hapakuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, kwa hiyo wanamuziki wetu walitegemea Nairobi, kulikokuwa na kampuni na viwanda. Ndiyo maana Mbaraka alipendwa sana Kenya pia, pengine sawa na alivyopendwa nyumbani.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipata heshima kubwa. Katika mji wa Osaka, Japani, yalifanyika maonyesho makubwa ya mataifa yaliyoitwa Expo 70. Yalianza mwezi wa Machi na kumalizika mwezi wa Septemba, nayo yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika bara la Asia. Nchi 77 zilishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 walikwenda kuyatazama. Tanzania ilikuwa na banda lake, na bendi iliyotumwa kwenda kupiga muziki wa nchi yetu ilikuwa Morogoro Jazz. Fikirini, wasomaji. Kijana aliyezaliwa Mzenga, akapuliza filimbi utotoni, sasa amesimama Osaka na gitaa mkononi, akiiwakilisha nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka tisa tangu uhuru. Aliporudi, safari ile aliitungia wimbo ulioitwa Expo 70.

Hapa namjibu mwenzetu wa bwenini. Jimi Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba, 1970, siku tano baada ya maonyesho ya Osaka kufungwa. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa mpigaji wa ajabu, wala simpunguzii sifa yake. Lakini katika mwaka ule ule, gitaa la umeme la namna ile ile lilikuwa mikononi mwa Mtanzania, likisema Kiswahili, na wageni wa mataifa mengi wakilisikiliza. Hendrix alilifanya gitaa lingurume kama radi. Mbaraka alilifanya lizungumze kama mtu wa kwetu, kwa upole na kwa mafumbo. Si haki kumpima mmoja kwa kibaba cha mwenzake.

Sasa nitasema juu ya tungo zake, na hapa namjibu yule wa kwanza aliyetaja uhuni. Majina tu ya nyimbo zake yatosha kuonyesha mambo aliyoyashughulikia. Yapo Masimango, kwa habari ya wale wanaokupa kitu kisha wakakusema. Yapo Choyo Uache, na Matusi ya Nini, na Pole Dada, na Mapenzi Shuleni, ambao kwa jina lake tu watuhusu sisi wanafunzi. Haya ni mambo ambayo mzee angeweza kuyanena barazani mbele ya watoto wake. Tofauti ni kwamba maneno ya mzee huyasikia watu wa nyumba moja, lakini Mbaraka aliyasema katika redio, tena kwa namna ambayo mtu aliweza kuyacheza Jumamosi na kuyafikiri Jumapili.

Upo wimbo mmoja unaotugusa zaidi sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Tarehe 25 Desemba, 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa huko Isimani. Ulikuwa wakati wa kuanzisha mashamba ya ujamaa, na kulikuwa na ugomvi juu ya ardhi. Mkulima mmoja, Saidi Mwamwindi, alimpiga risasi, na baadaye alihukumiwa kifo. Habari ile iliishtua nchi nzima. Mbaraka alitunga wimbo wa kumwomboleza Dk. Klerruu. Huenda baadhi ya walimu wetu wamesoma katika chuo cha ualimu cha Iringa chenye jina la marehemu huyo. Basi wajue kwamba kabla ya vitabu kuandikwa, habari ya msiba ule ilitembea kwa gitaa la Morogoro. Wakati huo bendi zilifanya kazi ya kupeleka habari na maombolezo, na mtu asiyejua kusoma alizipata sawasawa na msomi.

Mwaka 1973 Mbaraka alifanya uamuzi mgumu. Aliondoka katika Morogoro Jazz akiwa katika kilele cha sifa, akaunda bendi yake mwenyewe iliyoitwa Super Volcano. Yatupasa tutambue uzito wa jambo hilo. Katika miaka ile bendi nyingi za nchi yetu zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya au majeshi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Polisi nao walikuwa na bendi yao. Mwanamuziki katika bendi kama hizo alikuwa na mshahara, na vyombo vilinunuliwa na wenye bendi. Aliyeunda bendi yake alijitwika mwenyewe mzigo wa magitaa, vipaza sauti, usafiri, na riziki za vijana wake. Dansi lisipopata watu, hasara ni yake. Mbaraka alikubali mzigo huo kwa kuwa alitaka kupiga muziki kama alivyousikia moyoni mwake. Mtindo wa Masika aliendelea nao katika bendi mpya, ukajulikana kama Masika Zole Zole.

Miongoni mwa nyimbo za Mbaraka uko mmoja uitwao Jogoo la Shamba. Wahenga wetu walinena kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Mimi naona kuwa maisha yake yalikuwa ni ubishi juu ya methali hiyo. Alitoka shamba, akawika Morogoro, akawika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, hata Osaka ng'ambo ya bahari. Hakubadili sauti yake ili afanane na majogoo ya mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kila siku, kisicho na makuu.

Katika sehemu ya mwisho ya maisha yake ulitoka wimbo ambao watu wengi huutaja kwanza linapotajwa jina lake, nao ni Shida. Ulivuma mno Kenya na Tanzania. Nao ulikuwa wakati wa shida kweli kweli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ndugu walitenganishwa na ndugu zao, na wafanyabiashara walipata hasara. Walakini sauti ya redio haisimami mpakani wala haiombwi cheti. Watu wa pande zote mbili waliendelea kusikiliza wimbo ule ule, kila mmoja akikumbuka shida yake.

Mauti yalimkuta Mbaraka ugenini. Tarehe 12 Januari, 1979, alipata ajali ya gari huko Kisauni, Mombasa. Aliumia vibaya na kupoteza damu nyingi, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 34 na nusu. Wakati huo nchi yetu ilikuwa vitani, maana majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na kila siku watu walikaa kando ya redio kungoja habari za vita. Katikati ya hofu hiyo ikaja habari kwamba Mbaraka hayupo tena. Wazee waliokuwapo hutuambia kuwa wengi hawakuamini mpaka ilipotangazwa tena na tena. Alizikwa kwao Mzenga. Bendi yake ya Super Volcano haikuweza kudumu muda mrefu bila yeye.

Hivyo Morogoro ulipoteza mabingwa wake wawili, Salum Abdallah mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, na wote wawili kwa ajali za barabarani. Mmoja alikuwa na miaka 37, mwingine 34. Kazi yote ya Mbaraka ninayoisimulia hapa, tangu gitaa la ridhimu mpaka Shida, ilifanyika katika muda wa miaka kama kumi na minne. Baada ya kufa kwake, kampuni ya santuri ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa santuri kubwa zenye jina la Ukumbusho. Hata leo redio zetu huzipiga katika vipindi vya zilipendwa, na mabasi na malori hupita nazo barabarani.

Hapo ndipo mimi nilipomjulia Mbaraka, katika lori. Baba yangu ni dereva wa masafa marefu kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara mbili wakati wa likizo. Kila tulipokaribia Morogoro na kuiona milima ya Uluguru alizima mazungumzo yote, akafungua nyimbo za Mbaraka, nasi hatukusema neno mpaka tuuache mji nyuma. Nilidhani ni mchezo wake tu. Baadaye aliniambia kwamba ni salamu kwa wenye mji.

Mwaka juzi baba naye alipata ajali usiku, katika mteremko, si mbali na huku kwetu. Alipofikishwa hospitali alikuwa amepoteza damu nyingi. Somo la Bayolojia linatufundisha kwamba mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, na akipoteza lita 2 bila kusaidiwa maisha yake yako hatarini. Baba alitiwa chupa tatu za damu, akapona. Leo amerudi katika kazi yake. Damu ile ilitolewa na watu ambao hatuwajui majina, wala wao hawatujui sisi. Tangu siku hiyo, nikisikia gitaa la Mbaraka, nafikiri juu ya usiku wake wa Kisauni, na kwamba tofauti kati yake na baba yangu huenda ilikuwa chupa chache.

Sisi wa Ilomba twajua vema habari za barabara kuu. Malori ya Zambia na Kongo hupita karibu nasi mchana na usiku, na mara nyingi twasikia king'ora. Nchi yetu ilianzisha mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, na kituo chake cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko hapa hapa Mbeya. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea na uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa damu. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa moja haifiki hata nusu lita, na mwili huirudisha wenyewe. Mimi nina miaka 17. Mwakani, nikijaliwa, nitakuwa nimemaliza shule, nami nimekusudia kwenda. Nawaomba wenzangu watakaofikia umri huo twende pamoja, na wazazi wetu wasitukataze. Walimu wetu, ninyi mna umri tayari, wala hamna haja ya kungoja mwakani.

Basi nayarudia majibu yangu kwa kifupi. Kwa mwenzetu aliyesema gitaa ni uhuni, namwambia kwamba Mbaraka alianza chini, akajifunza kwa uvumilivu, akaiwakilisha nchi yake ng'ambo, akawafariji watu katika misiba yao, na akawapa riziki vijana wa bendi yake. Kazi ikifanywa hivyo ni kazi, iwe ya chaki, ya jembe au ya nyuzi. Na kwa mwenzetu aliyedhani mabingwa wako mbali tu, namwambia asikilize kwa makini lori litakalopita usiku wa leo kuelekea Tunduma. Huenda akamsikia bingwa wetu.

Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema, pamoja na wote waliopotea barabarani, na awalinde wale walio safarini usiku huu. Amina.